Kijiko cha Grisi

Kibanda changu kiko Grogan, hata kama kibao
kinasema Kirinyaga. Ardhi hapa imekunywa oili
tangu kabla sijazaliwa. Mvua ikinyesha
madimbwi yanavaa rangi kama khanga mpya.

Nauza grisi kwa kijiko, mafuta kwa kizibo.
Anayetaka debe aende dukani kule juu, apewe risiti.

Kazi hii inafunza masikio.
Kabla Mwangangi hajakunja kona
nimeshasikia mkokoteni wake ukimlalamikia:
gurudumu la kushoto, beringi, mchanga umeingia.
"Bochaberi, niwekee ya ishirini."
Namwambia futa kwanza. Ukipaka juu ya mchanga
umetengeneza msasa.
Hana wakati. Anapaka juu ya mchanga.

Barasa huja Ijumaa. Matone mawili tu, ya bawaba.
Mlango wa nyumba yake Makongeni una mdomo,
humwambia mkewe saa aliyorudi.
Namuuzia. Sijaulizwa mengine.

Na Wairuri, ambaye kiti chake cha magurudumu
kilifika kutoka ng'ambo kikiwa kimechoka na mtu mwingine,
hupaka mwenyewe, ameinama, ulimi nje.
"Nataka kuingia kanisani," asema,
"bila watu kugeuka."

Kanjo naye alikuja, kofia upande,
akasema mkono wake umekauka sana, mama,
hata kalamu haishiki.
Nikachota kijiko kizima, nikampaka kiganja
mpaka katikati ya vidole.
Grogan yote ilicheka. Kesho yake
walibeba meza yangu. Nililipa elfu mbili kuikomboa,
na hiyo ndiyo grisi ghali zaidi niliyowahi kuuza.

Watu hudhani mafuta ni nguvu. Hapana.
Mafuta hayasukumi, hayavuti, hayabebi.
Yanakaa katikati tu,
membamba kuliko ngozi ya kitunguu,
ili chuma hiki kipite karibu na chuma kile
na kila kimoja kirudi na umbo lake.
Fungua injini iliyotunzwa: kazi yao huioni.
Unaona tu kwamba hakuna kilicholika.

Wahenga walisema vyombo vikiwa pamoja
havina budi kugongana. Hawakuuza grisi, nadhani.
Lakini hata mimi ninayeiuza

Mama alipofariki tuligawana sufuria,
mimi na dada yangu Nyanchama, kimya kimya.
Kelele zilianza mwezi wa tatu.
Hatukujua ni Mama aliyekuwa akipita kati yetu
na simu zake za alfajiri, "mwenzako anakusalimia,"
salamu ambazo, sasa naamini,
hakuna aliyezituma.
Tulikwaruzana juu ya shamba, kisha juu ya blanketi,
kisha juu ya neno moja ambalo silikumbuki tena,
ila sauti yake. Miaka minne.

Jana kijana wake, Ogeto, alisimama mbele ya meza
na kichupa cha dawa ya kikohozi, kitupu, kimeoshwa.
"Mafuta ya cherehani. Mama amesema nusu."

Cherehani anayoshonea soko la Uhuru
ilikuwa ya Mama. Naijua inavyolia ikiwa na kiu.
Nilijaza mpaka shingoni.
Akahesabu sarafu, nikazipokea zote;
bure ingekuwa mchanga.

"Mwambie aondoe nyuzi kwanza, kwenye meno ya chini,
ndipo atone. Tone moja moja, asimwage."
Akaitikia kwa kichwa. Kisha, akitazama
matairi ya jirani, si uso wangu:
"Anakusalimia."

Nilishika kijiko. Nilitaka kuuliza,
amesema hivyo yeye mwenyewe?
Alikuwa ameshavuka barabara,
kidole gumba kimeziba mdomo wa kichupa,
maana hakikuwa na kizibo.